Mashindano ya Machi Kandoni mwa Grant Street

Katika mji wa Buffalo, uliojengwa kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie, mahali ambapo maji ya ziwa hilo huanza kushuka kuelekea mto Niagara, iko barabara iitwayo Grant Street, ambayo si pana wala haina jumba la kumsimamisha msafiri kwa mshangao, lakini imejaaliwa sifa ambayo barabara nyingi zenye adhama hazikuipata, nayo ni kuwapokea, kizazi baada ya kizazi, watu waliofika mjini bila ya rasilimali ila nguvu za mikono yao. Walikaa katika mitaa ya karibu nayo Waitalia, wakafungua maduka ya vyakula. Wakaja baada yao watu wa Puerto Rico. Na tangu mwanzo wa karne hii wamehamia Wasomali, Waburma, Warundi na Wakongo, hata leo mpita njia huweza kusikia huko Kiswahili cha Kivu na Kiswahili cha makambi ya Kigoma kikitumika kuulizia bei ya unga na kupeana habari za jamaa walioko ng'ambo. Mwendo si mrefu kuelekea kaskazini, barabara hiyo hiyo hupakana na viwanja vya chuo cha Buffalo State, chuo cha serikali kilichoasisiwa mwaka 1871 kwa ajili ya kufundisha walimu. Kisha huvuka kijito cha Scajaquada na kuingia mtaa wa Black Rock.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza taarikhi ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani, yale yanayochezwa kila mwaka mwezi wa Machi baada ya michezo ya msimu kwisha, na kuonyesha fungu lililoiangukia barabara hii na mji wake katika taarikhi hiyo. Nafanya hivyo kwa kuwa habari za mashindano hayo aghalabu husimuliwa kutoka juu, yaani kwa vyuo vikubwa vyenye viwanja vya kuingiza watu elfu ishirini na mikataba ya televisheni yenye thamani isiyosemeka, ilhali mimi naamini ya kwamba mengi tunayoyasifu ndani ya mashindano hayo yalitendwa kwanza na vyuo vidogo ambavyo majina yake hayajulikani hata na Wamarekani wengi, na kwamba anayetaka kuyafahamu vyema hana budi kuyatazama kutoka mahali kama Grant Street.

Ada yenyewe ni nyepesi kueleza. Tangu Novemba mpaka mwanzo wa Machi, timu ya kila chuo hucheza na wenzake wa ligi. Msimu ukiisha, aghalabu ligi hufanya mashindano yake mafupi, na bingwa wake hupata haki ya kuingia katika mashindano ya taifa, huku kamati ikiongeza timu nyingine ambazo, japokuwa hazikutwaa ubingwa, mwenendo wake wa mwaka mzima unastahili. Kutoka hapo hakuna ligi tena bali ni mtoano: timu iliyofungwa hufungasha virago ikarudi kwao, bila ya mechi ya marudiano, bila ya magoli ya ugenini kuhesabiwa, bila ya rufaa. Chuo cha wanafunzi elfu mbili chaweza kukutanishwa na chuo cha elfu arobaini, na kwa dakika 40 za mchezo mali na idadi havimfai mtu kitu. Na hapo, kwa rai yangu, ndipo penye siri ya mapenzi ambayo taifa zima limeyaelekeza kwa vijana ambao kwa miaka mingi hawakulipwa mshahara.

Mchezo huu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu katika chuo cha Y.M.C.A. cha Springfield, Massachusetts, aliyetakiwa kuwatafutia wanafunzi wake zoezi la kufanya ndani ya nyumba wakati wa baridi. Haikupita ila miaka minne, na mwaka 1895 vijana wa tawi la Wajerumani la Y.M.C.A. mjini Buffalo, wana wa wahamiaji kama walivyo wahamiaji wakazi wa Grant Street ya leo, wakaunda timu iliyokuja kujulikana kwa jina la Buffalo Germans. Mwaka 1901 ulipofanya mji huo maonyesho makuu yaliyoitwa Pan-American Exposition, yale ambayo dunia huyakumbuka zaidi kwa msiba wa Rais William McKinley aliyepigwa risasi humo tarehe 6 Septemba, yalichezwa pia mashindano ya mpira wa kikapu, na vijana wale wakatoka washindi. Viwanja vya maonyesho hayo vilikuwa ng'ambo ya Elmwood Avenue, na chuo cha Buffalo State, kilichohamia mahali kilipo sasa mwaka 1931, kimekaa baina ya Elmwood upande wa mashariki na Grant Street upande wa magharibi. Hivyo mtu aweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba mashindano ya kikapu yalikuwa yakichezwa mwendo wa miguu kutoka barabara hii wakati mchezo wenyewe haujatimiza miaka kumi.

Buffalo Germans walikwenda tena St. Louis mwaka 1904, kwenye michezo ya Olimpiki, ambako kikapu kilichezwa kwa maonyesho tu bila ya nishani rasmi, wakashinda huko nako. Na baina ya 1908 na 1911 walishinda michezo 111 mfululizo. Lakini jambo la kutiliwa maanani kwa habari yetu ni kwamba huko St. Louis, mwaka ule ule, palifanywa pia mashindano ya vyuo peke yake, ya kwanza ya namna hiyo, na taji likachukuliwa na chuo cha Hiram cha Ohio, chuo kidogo ambacho hata leo ni wachache wanaokitaja. Basi mwanzo kabisa wa mashindano ya vyuo ulikuwa wa wadogo.

Ikapita miaka zaidi ya thelathini kabla ya jambo hilo kuwa ada ya kila mwaka, na hapa tena wadogo ndio waliotangulia. Mwaka 1937, mjini Kansas City, Emil Liston na wenzake, Naismith mzee akiwa pamoja nao, walianzisha mashindano ya taifa kwa ajili ya vyuo vidogo, yale yaliyokuja kuitwa ya N.A.I.A. Mwaka uliofuata waandishi wa magazeti wa New York wakaanzisha yao katika ukumbi wa Madison Square Garden, na Temple wakawa washindi wa kwanza. Na mwaka 1939 ndipo yalipofanywa yale ambayo leo yamemeza jina la mwezi mzima, yaani ya chama cha michezo ya vyuo kiitwacho N.C.A.A. Aliyesukuma sana shauri la haya ya mwisho ni Harold Olsen, mwalimu wa timu ya Ohio State katika mji wa Columbus, na timu yake mwenyewe ikafika fainali, ikafungwa na Oregon kwa 46 dhidi ya 33 mjini Evanston, Illinois. Timu zilizoalikwa zilikuwa nane tu, na hesabu ilipofungwa ilionekana kuwa hasara imefika dola 2,531. Asomaye takwimu za mapato ya mashindano hayo zama zetu hataamini ya kwamba yalianza kwa deni, na kwamba kwa miaka kadhaa mashindano ya New York yalihesabiwa kuwa na heshima kuyapita.

Wakubwa walifika nyuma hata katika jambo zito kuliko fedha. Sheria ya mashindano ya Kansas City iliwazuia wachezaji weusi, na mwaka 1947 mwalimu kijana wa chuo cha ualimu cha Indiana State, John Wooden, ambaye baadaye alipata sifa isiyo na kifani huko U.C.L.A., aliukataa mwaliko kwa sababu mchezaji wake Clarence Walker asingeruhusiwa kucheza. Mwaka 1948 sheria ikaondolewa, baada ya chuo kingine kutishia kujitoa, na Walker akaingia uwanjani. Kisha mwaka 1957 Tennessee A&I, chuo cha watu weusi cha Nashville, chini ya John McLendon, aliyekuwa mwanafunzi wa Naismith huko Kansas ila asiyeruhusiwa kuchezea timu ya chuo kwa ajili ya rangi yake, kikawa chuo cha kwanza cha weusi kutwaa ubingwa wa taifa ulio wazi kwa wote, kikautwaa tena mwaka 1958 na 1959. Mashindano makubwa yalikuwa na usiku wake wa namna hiyo mjini Louisville, katika ukumbi wa Freedom Hall, tarehe 23 Machi 1963, Loyola ya Chicago ilipowafunga Cincinnati 60 kwa 58 katika dakika za nyongeza ikiwa na wachezaji wanne weusi miongoni mwa watano walioanza. Nao kabla ya hapo walikuwa wamecheza na Mississippi State, timu ya weupe iliyolazimika kutoroka jimboni kwake kwa siri, kwa kuwa wakuu wa huko hawakutaka icheze na timu yenye watu weusi. Ni usiku wa haki kukumbukwa. Lakini Tennessee A&I walikuwa wametangulia kwa miaka sita.

Turudi Buffalo. Mwaka 1940 mji ulifungua jumba la Memorial Auditorium, karibu na bandari, na humo kukakua ada iliyodumu kwa miongo mitatu: usiku wa Jumamosi michezo miwili hufuatana, na vyuo vitatu vya Kikatoliki vya sehemu hizo, yaani Canisius ya Majesuti iliyomo mjini, Niagara ya watawa wa Mtakatifu Vincent, na St. Bonaventure ya Wafransisko iliyoko milimani upande wa kusini, huwaalika wageni wakubwa wa nchi. Watu wa Buffalo waliviita vyuo hivyo Little Three. Havikuwa na fedha wala mashamba ya kuvuna wachezaji, lakini vilikuwa na mji wa wafanya kazi wa viwanda vya chuma na maghala ya nafaka ambao waliona katika vijana wale sura zao wenyewe.

Fahari ya kwanza kubwa ya vyuo hivyo katika mashindano ya Machi ilipatikana tarehe 12 Machi 1956 huko Madison Square Garden. Canisius walipangiwa North Carolina State, timu iliyohesabiwa ya pili kwa ubora katika nchi nzima, na hapana aliyetarajia ila kwamba watu wa Buffalo wangepanda treni kurudi kwao asubuhi. Dakika 40 zikaisha sare. Ikaongezwa nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado haikupatikana timu ya kuizidi nyingine. Na katika nyongeza ya nne, zikiwa zimebaki sekunde chache, mchezaji wa akiba Fran Corcoran alirusha mpira ukaingia, na Canisius wakashinda kwa 79 dhidi ya 78. Mpaka leo kisa hicho huhesabiwa miongoni mwa maajabu makubwa ya mashindano hayo.

Mwaka 1957 N.C.A.A. waligawa vyuo mafungu mawili, kubwa na dogo, kila fungu likiwa na mashindano yake. Fainali za fungu dogo zikawa zikifanywa mwaka baada ya mwaka mjini Evansville, Indiana. Buffalo State, chuo cha walimu wa serikali chenye wanafunzi waliotoka katika nyumba za watu wa kawaida, kikaingia katika fungu hilo dogo. Wengine waliona mgawanyo huo ni kama kutupwa uani. Mimi nauona vingine, na hoja yangu kubwa ni mwezi wa Machi wa mwaka 1970.

Mwezi huo, katika historia ya kikapu ya mji wa Buffalo, hauna ndugu. Niagara waliingia katika mashindano makubwa wakiongozwa na Calvin Murphy, mtu mfupi mwenye umeme miguuni, wakashinda mchezo wao wa kwanza kabla ya kutolewa. St. Bonaventure waliingia na Bob Lanier, mzaliwa wa Buffalo na mwanafunzi wa zamani wa Bennett High School, jitu la mtu lakini lenye mkono mwepesi kama wa mshona darizi, na hapakuwa na shaka kwamba wana uwezo wa kutwaa taji lote. Katika fainali ya kanda waliwashinda Villanova 97 kwa 74. Lakini ndani ya ushindi huo huo mchezaji mmoja wa Villanova aligongana na Lanier, goti la Lanier likaumia, na St. Bonaventure wakaenda katika timu nne za mwisho, huko College Park, Maryland, bila ya nguzo yao. Walifungwa na Jacksonville ya Artis Gilmore kwa 91 dhidi ya 83, wakafungwa tena katika mchezo wa kutafuta nafasi ya tatu, wakamaliza wa nne. Wazee wa Buffalo waliokuwapo wakati ule hawakuacha kuuliza mambo yangekuwaje lau goti lile lisingeumia, na swali lao ni la haki, maana Jacksonville hao ndio waliofika fainali, wakashindwa na U.C.L.A.

Hayo yameandikwa sana. Yasiyoandikwa sana ni kwamba katika Machi hiyo hiyo, vijana wa Buffalo State, wenye makazi yao baina ya Elmwood na Grant Street, walipenya mtoano wa fungu dogo hatua kwa hatua mpaka wakasimama Evansville wakiwa miongoni mwa timu nne za mwisho za nchi. Taji lilichukuliwa na Philadelphia Textile waliowashinda Tennessee State, chuo kile kile cha McLendon kwa jina jipya. Wa tatu wakawa vijana wa California kutoka Riverside. Na Buffalo State wakawa wa nne, daraja ile ile waliyoipata St. Bonaventure katika mashindano makubwa. Mji mmoja na sehemu za jirani yake, katika majuma machache, ukapeleka timu katika nne bora za mashindano yote mawili. Sijui ni miji mingapi mikubwa iliyojaaliwa jambo hilo. Najua tu kwamba Buffalo ilijaaliwa, na kwamba nusu ya fahari hiyo ni ya chuo cha walimu.

Nyota wa timu ile ya Buffalo State alikuwa Randy Smith, kijana aliyetoka Bellport, kisiwani Long Island, na ambaye kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sifa ya ziada: alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa miguu, mwenye kutambuliwa katika taifa zima, na mruka juu katika riadha, na kikapu kikawa mchezo wake wa tatu. Hakuchukuliwa kwa heshima kubwa na timu za kulipwa. Mwaka 1971 timu mpya ya mji huo, Buffalo Braves, ilimteua katika mzunguko wa saba, pengine zaidi kwa ajili ya kuwaridhisha wenyeji kuliko kwa kutaraji jambo. Naye akaishika nafasi hiyo kwa meno. Tangu Februari 1972 mpaka Machi 1983 hakukosa mchezo hata mmoja, akafikisha michezo 906 mfululizo, rekodi iliyodumu mpaka mwaka 1997, na mwaka 1978 akawa mchezaji bora wa mchezo wa nyota wa N.B.A. Lanier, aliyekuwa wa kwanza kuteuliwa mwaka 1970, alikwenda Detroit na kufanya makuu huko. Smith ndiye aliyebaki, akawachezea watu wa Buffalo mpaka Braves ilipohamishwa kwenda San Diego mwaka 1978. Alifariki mwaka 2009. Kama ningeulizwa ni nani anayestahili sanamu kandoni mwa Grant Street, jina la pili nisingelitafuta.

Mwaka 1973 N.C.A.A. walibadili mgawanyo tena, wakafanya daraja tatu, na daraja ya tatu ikawekewa sharti ambalo ndilo roho yake mpaka leo: hapana kijana apewaye ufadhili wa masomo kwa sababu ya kucheza. Anayecheza katika daraja hiyo ni mwanafunzi anayelipiwa na wazazi wake, au na mkopo, au na msaada ambao angeupata hata kama asingegusa mpira. Akitoka mazoezini huenda maktaba, au kazini, kisha alfajiri hupanda basi kwa saa nyingi ili acheze mbele ya watu mia chache. Mashindano ya daraja hiyo yalianza mwaka 1975, na Buffalo State, ikiwa katika ligi ya vyuo vya serikali vya New York, ikaingia humo.

Ndipo tunapofika katika miaka ambayo Grant Street yenyewe ilikuwa jirani wa taji. Buffalo State walijenga uwanja mpya wa ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na N.C.A.A. wakaamua kuleta hapo timu nne za mwisho za daraja ya tatu kwa miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Mwaka wa kwanza Ohio Northern waliwashinda Augustana ya Illinois kwa 71 dhidi ya 68. Mwaka wa pili Lebanon Valley ya Pennsylvania, ambayo miongoni mwa vijana wake alikuwamo Mike Rhoades, aliyekuja kuwa mwalimu mashuhuri wa timu za daraja ya juu, waliwashinda New York University 66 kwa 59 baada ya dakika za nyongeza. Mwaka wa tatu Wisconsin–Platteville, wakifundishwa na Bo Ryan, waliwashinda Manchester ya Indiana 69 kwa 55 na kukamilisha msimu wa michezo 31 bila ya kufungwa hata mmoja.

Habari ya New York University yataka kutuliwa kidogo. Chuo hicho mwaka 1945 kilicheza fainali ya mashindano makubwa mbele ya umati wa Madison Square Garden, na mwaka 1960 kilifika tena katika nne za mwisho. Kisha gharama zikakizidi, na mwaka 1971 kikaifuta timu yake kabisa. Miaka kumi na miwili baadaye kiliirudisha, lakini kwa masharti ya daraja ya tatu, bila ya ufadhili, bila ya kununua vipaji. Na timu hiyo iliyozaliwa upya ndiyo iliyokuja Buffalo mwaka 1994 na kukosa taji kwa dakika chache. Wako waliodhani kwamba chuo kilichoshuka namna hiyo kimeaibika. Mimi naona kwamba kilichagua kubaki na mchezo pasipo na biashara yake, na kwamba katika taarikhi yote ya mashindano haya ni nadra chuo kikubwa kufanya uchaguzi wa dhati kama huo. Na Bo Ryan naye, aliyelelewa kiualimu katika daraja hii isiyo na fedha, aliwafikisha Wisconsin katika nne za mwisho za mashindano makubwa mwaka 2014 na 2015 kwa mchezo ule ule wa subira na pasi nyingi aliokuwa akiufundisha Platteville.

Baada ya 1995 fainali hizo zilihamishiwa Salem, Virginia. Memorial Auditorium, ambayo mji ulikuwa umeifunga mwaka 1996, ilibomolewa mwaka 2009, mwaka ule ule aliofariki Smith. Mashindano makubwa hayakuacha kuja mjini. Tangu mwaka 2000 michezo ya raundi za kwanza imechezwa mara kadhaa katika ukumbi mpya ulio karibu na bandari, na chuo kikuu cha University at Buffalo kilipata ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo mwaka 2018, kilipowafunga Arizona 89 kwa 68 huko Boise. Lakini bei ya tikiti za ukumbi ule wa bandarini si bei ya mtu wa Grant Street.

Na watu wa Grant Street wamebadilika. Warundi waliokuwa wamekimbia vita vya mwaka 1972 na kukaa Tanzania kwa zaidi ya miaka thelathini walianza kupokewa Marekani mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Wakongo wa mashariki, wengi wao wakitoka kambi ya Nyarugusu huko Tanzania na kambi za Rwanda, Burundi na Uganda, walifuata kwa wingi baada ya 2013. Katika Grant Street lilifunguliwa soko la wahamiaji lililoitwa West Side Bazaar, ambamo mama aliyekuwa akipika kambini aliweza kupata meza na jiko na leseni, mpaka moto ulipoliharibu mwaka 2022 na soko likahamia Niagara Street. Watoto wa nyumba hizo wanasoma katika shule za mji, na kwa wengi wao chuo kilicho karibu kuliko vyote, chenye ada ya serikali, ni kile kile cha Randy Smith.

Watu wetu nao hawakuwa wageni katika mashindano ya Machi. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechelewa kuanza mchezo na kufika Marekani akiwa kijana mrefu asiyejulikana, aliisaidia Connecticut kufika katika nne za mwisho mwaka 2009, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73 mjini Detroit, naye akateuliwa wa pili katika N.B.A. mwaka huo huo, akiwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Oscar Tshiebwe, mwana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiichezea Kentucky. Na taarikhi ya mashindano haya, kwa tabia yake ya kuwainua wadogo, haikumwacha yeye atoke salama: tarehe 17 Machi mwaka huo, siku ambayo raundi ya kwanza ilikuwa ikichezwa pia mjini Buffalo, Tshiebwe alifunga pointi 30 na kunyakua ribaundi 16 huko Indianapolis, na bado Kentucky, waliopangwa wa pili katika kanda yao, wakatolewa 85 kwa 79 katika dakika za nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Kijesuti cha Jersey City kilichopangwa cha kumi na tano. Saint Peter's waliendelea kushinda mpaka wakafika katika nane za mwisho, jambo ambalo hapana timu iliyopangwa ya kumi na tano iliyowahi kulifanya kabla yao. Wao ni wa ligi moja na Canisius na Niagara, na wapenzi wa kikapu wa Buffalo, waliozoea kuwaona wakishuka basini kila msimu wa baridi kuja kucheza mbele ya viti ambavyo nusu yake ni mitupu, hawakuhitaji kuelezwa na televisheni kwamba hao ni akina nani.